“Mama, kuna kitu umemwaga humu?”

Fundi aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa chini ya sinki la jikoni kwangu, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unasogeza ndoo. Nikamjibu, “Hapana fundi, ni maji ya moto tu.”

Haikuwa kweli. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimemwaga dawa ya kuzibulia mara mbili. Kichwani mwangu dawa ilikuwa imeshapita na maji, na isitoshe niliona aibu, kwa sababu mwaka mmoja nyuma fundi huyohuyo alinikanya nisije nikatia vitu vile kwenye bomba. Basi nikaona yaishe. Maneno saba tu, na yalimgharimu mtu mzima mwenye familia wiki tatu za kazi, na nusura yamgharimu jicho.

Ilikuwa Julai 2019, kipupwe kimekolea. Tunakaa Tabata, Dar es Salaam, na wakati ule nilikuwa nakaanga samaki na maandazi ya kuuza. Kila jioni naosha karai, masufuria na sahani za watu sita kwenye sinki moja. Lilianza kusuasua kama siku nne hivi kabla. Maji yanazunguka, yanashuka kwa kujivuta, yanaacha utando wa mafuta ukutani mwa sinki. Siku ya nne hayakushuka kabisa. Yalituama pale na punje za wali juu yake, yakaanza kunuka.

Siku hizi najua kwa nini ilitokea Julai na si Februari. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mengi ya mafuta tunayonunua kwa kupimiwa dukani yana mawese ndani yake, nayo huganda. Alfajiri za Julai hapa Dar joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Mimi namwaga mafuta ya karai yakiwa ya moto, yanateremka vizuri kama maji, naona yamekwenda. Kumbe yanakwenda mita moja tu, yanapoa, yanashika ukuta wa bomba. Kesho yake yanakuja maji ya kuoshea sufuria la ugali, uji ule wa unga unanasa kwenye mafuta, na punje za wali zinavimba humohumo. Hakuna aliyetupa kitu kikubwa kwenye sinki langu. Lilizibwa na mlo wa kila siku.

Jirani yangu alikuwa anatengeneza sabuni za mche. Nilipomlalamikia akaniletea chenga nyeupe ndani ya kopo la siagi. “Shoga yangu, vijiko vitatu, mwagia maji yanayochemka, asubuhi utakuta limezibuka.” Ilikuwa kostiki soda, ileile anayochanganya na mafuta kupata sabuni. Kopo halikuwa na maandishi yoyote zaidi ya yale ya siagi, na kwenye mfuniko bado kulikuwa na picha ya mkate. Nataka msomaji aikumbuke picha hiyo, nitairudia.

Nilisubiri watoto walale. Nikachota maji yaliyotuama mpaka yakabaki kidogo, nikatia vijiko vitatu, nikamwagia birika zima la maji yaliyotoka kuchemka. Sikuwa na glavu wala miwani, nimevaa kanga na kandambili. Maji yaliruka. Yaliruka kama mafuta ya karai yanapoingiwa na tone la maji, yakatoa mvuke uliochoma pua hadi nikakohoa machozi yakinitoka. Matone mawili matatu yalinidondokea juu ya kiganja. Hayakuuma. Nilipoyafuta kwa kidole, ngozi ikawa inateleza, kama nimeshika sabuni iliyolowa, na hata niliposuuza utelezi haukuisha upesi. Nikajisemea dawa hii inasafisha kweli.

Daktari ndiye aliyekuja kunieleza ule utelezi ulikuwa nini. Kostiki soda ikikutana na mafuta huyageuza sabuni, na haichagui mafuta ya samaki na mafuta ya ngozi yako. Kilichokuwa kinateleza ni mimi mwenyewe.

Sinki halikuzibuka. Saa tano usiku nikarudia, safari hii vijiko vitano, nikaacha. Nilipogusa bomba chini ya sinki niliondoa mkono haraka, lilikuwa la moto kama kikombe cha chai iliyotoka jikoni. Kuna sufuria moja ya alumini niliisahau ukingoni, ikarukiwa na yale maji. Ilikuwa inatoa mapovu madogomadogo yenyewe, na asubuhi nikaikuta na madoa meusi, ukikwaruza inachubuka. Baadaye nilifahamu kwamba kostiki ikila alumini hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Jiko langu la gesi lipo hatua mbili kutoka pale.

Asubuhi nikampigia fundi.

Alikuja saa mbili na nusu, akasalimia, akakataa chai akisema atakunywa akimaliza. Akauliza lile swali. Nikajibu lile jibu. Akaweka ndoo chini ya trapu, kile kipande cha bomba kilichojikunja chini ya sinki, akaanza kulegeza nati ya plastiki kwa mkono. Alisema, “Mbona bomba limepinda hivi?” Kabla sijajibu nati ikaachia.

Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa kizito, cha kijivu, kinateleza. Kiliporomoka chote kwa mpigo, kikagonga ukingo wa ndoo, kikamrukia mkono wa kulia kuanzia kiwiko kushuka na upande wa uso. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, maji. Nipelekeni kwenye maji.”

Bomba la mtaani lilikuwa halitoki tangu jana yake. Bahati tulikuwa na simtanki nje, limejaa nusu. Mwanangu mkubwa, wakati ule yuko kidato cha pili, alimshika mkono akamwongoza. Tukamlaza ubavu chini ya koki, jicho lililoingiwa likiwa upande wa chini ili maji yake yasipite kwenye jicho la pili ambalo halikudhurika. Jicho lilikuwa limejikaza, halifunguki, ikabidi nilifungue kwa vidole vyangu, kope ya juu kidole kimoja, ya chini kingine, huku maji yanapita. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa anatuelekeza. Vua shati. Usisugue. Acha maji yaende.

Majirani wakajaa, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alikuja na mafuta ya kula ampake mkononi. Mwingine dawa ya meno. Mama mmoja mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, alikuja na ndimu iliyokatwa, akisema kali hutolewa na kali. Fundi akawa anarudia tu, “Msinipake kitu, jamani. Maji tu.” Ninamshukuru Mungu kwamba aliyeumia alikuwa anajua kuliko sisi tuliosimama. Ndimu ni asidi, na asidi ikikutana na kostiki vinatoa joto juu ya ngozi ambayo imeshaungua. Kwenye jicho ingekuwa jeraha juu ya jeraha. Mafuta na dawa ya meno hufunika tu, kemikali inaendelea kula chini yake.

Tulimmwagia maji zaidi ya dakika 20. Nasema zaidi kwa sababu mwanangu alikuwa anaangalia saa ya simu, na dakika 20 za kumwagia mtu maji machoni ni ndefu mno, kila baada ya dakika tatu unaona inatosha. Haitoshi. Kwenye bajaji tuliendelea kummwagia kwa chupa, dereva hakulalamika viti kulowa.

Hospitali hawakuanza na vidonge wala sindano. Muuguzi alichukua kikaratasi chembamba, akakigusisha ndani ya kope, kikabadilika rangi ikawa ya bluu iliyokolea, ishara kwamba kostiki bado imo. Wakatundika dripu ya maji ya chumvi, na badala ya kuielekeza mshipani wakaielekeza jichoni. Ikiisha wanapima tena kwa kikaratasi, wanaongeza nyingine. Walifanya hivyo hadi kipimo kilipokaribia 7, yaani ukali umekwisha, ndipo daktari akalitazama jicho lenyewe.

Huyo daktari alikuwa kijana, na alinieleza bila kunigombeza. Asidi ikiugusa mwili, alisema, mara nyingi huugandisha juu, kama yai linavyoganda, na ule ugandaji wenyewe huizuia kidogo isizame. Kostiki haigandishi, inayeyusha. Inayeyusha mafuta, inayeyusha protini, na kadiri inavyoyeyusha inajifungulia njia ya kushuka zaidi. Ndiyo maana maumivu yake huchelewa, na ndiyo maana mtu huacha kuosha mapema akidhani imekwisha. Nikamuuliza, mbona basi haikuyeyusha ule uchafu wa bomba? Akacheka kidogo, akasema hilo nimuulize fundi.

Nilikwenda kumuuliza. Siku ya tano tulikwenda nyumbani kwake, mimi na mume wangu, kumjulia hali na kuomba radhi. Jicho limefunikwa pamba, mkono umefungwa bandeji. Mke wake alitukaribisha vizuri, na wema wake ulinikaa vibaya zaidi kuliko angenifokea. Tulipeleka fedha za matibabu na za siku alizokuwa hafanyi kazi. Akapokea. Kisha akasema neno ambalo silisahau: “Mama, dawa naijua, nimeshakutana nayo sana. Mimi kilichoniuma ni kwamba nilikuuliza.”

Akaniambia kuwa karibu kila nyumba anayoitwa, mwenye nyumba ameshajaribu kitu kabla yake. Wengine wanamwaga tindikali ya betri za gari, iliyonunuliwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Wengine wanamwaga hii, ikishindwa wanafuatisha ile, na kostiki na tindikali zikikutana ndani ya bomba lililoziba zinachemka na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni juu, kwenye uso wa aliyeinama kuchungulia. Na karibu wote, akiwauliza, wanasema hawakumwaga kitu.

Kuhusu swali langu alinijibu kwa kitu nilichokishika mkononi. Alikuwa amemtuma kijana wake amalizie kazi kwangu, na kijana, akiwa na glavu za mpira na miwani, alitoa ndani ya trapu donge jeupe la ukubwa wa ngumi ya mtoto, gumu kama chokaa iliyokauka, punje za wali zimenasa ndani yake. Alilisuuza kwa maji mengi sana kabla ya kunionyesha, na hata mimi nilipolishika nilivalishwa glavu. Chenga nilizomwaga hazikupata maji ya kutosha ya kuzisukuma. Zililowa, zikatoa joto, zikakutana na mafuta zikafanya sabuni, kisha zikaganda zote pamoja. Nilikuwa nimetengeneza zibo jipya juu ya zibo la zamani. Na joto lile lilikuwa limelegeza bomba la plastiki hadi likapinda, kwa sababu mabomba haya meupe na ya kijivu tunayofunga majumbani huanza kulainika joto likipita nyuzi 60 na kitu. Gharama ya bomba jipya, trapu mpya na washa zake, zile pete za kuzuia kuvuja, ilizidi mara nne ile ambayo ningemlipa fundi siku ya kwanza.

Tangu hapo nimejifunza kuzibua sinki langu mwenyewe, na fundi ndiye aliyenifundisha, jicho lake lilipopona. Halikupona siku moja. Lilichukua wiki kadhaa, na mkononi alama imebaki, ngozi nyororo isiyo na nywele kuanzia kiwiko.

Ninaanza na mpira wa kuzibulia, ule wenye mti, na wa jikoni ninautenga na wa chooni. Watu wengi wanausukuma ukiwa hewani wanaona haufanyi kazi. Unatakiwa uzame, maji yafunike mdomo wake wote, ili unaposukuma usukume maji badala ya hewa. Kama sinki lina kile kitundu cha juu cha kuzuia maji yasifurike, kizibe kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo nguvu yote inatokea pale. Kama ni sinki la mashimo mawili, ziba shimo la pili. Kisha sukuma na kuvuta, sukuma na kuvuta, mara 15 au 20 bila kuinua. Kuvuta ndiko kunakolegeza zaidi kuliko kusukuma, na wengi hawavuti. Lakini kama kuna mtu ameshamwaga dawa, mpira usiguse kabisa, maana utajirushia usoni.

Ikishindikana nafungua trapu. Hapo zamani nilidhani ni kazi ya ufundi mkubwa, kumbe nati zake nyingi hufunguka kwa mkono. Ndoo chini, tambara sakafuni, chota kwanza maji yote ya juu. Legeza nati ya chini, kisha ya juu. Angalia washa zimekaa upande gani kabla hujazitoa, hata ukapiga picha kwa simu, kwa sababu ukizirudisha kinyume itavuja. Uchafu wa nyumba nyingi unakaa hapohapo, kwa sababu trapu imejikunja makusudi ili ibaki na maji yanayozuia harufu ya chini isipande, na palipo na maji yaliyotulia ndipo mafuta na punje hukaa. Mimi naukwangua kwa kijiti, naufunga kwenye gazeti, natupa na takataka. Naosha trapu nje, kwenye beseni. Kuiosha kwenye sinki ambalo chini yake limefunguliwa ni kosa nililofanya mara moja na jiko lote likawa ziwa.

Kama trapu ni safi na maji bado hayaendi, zibo liko mbele, ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Hapo kuna waya wa springi, mrefu mita tatu au tano, unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Unauingiza taratibu huku unauzungusha upande mmoja tu, ukihisi umekwama unaendelea kuuzungusha bila kuulazimisha, halafu unauvuta pamoja na ulichonasa. Wa bafuni hutoka na nywele, na kwa nywele hata waya wa henga ulionyooshwa na kukunjwa ncha kama ndoano unatosha. Binti zangu wanasuka na kusukua kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo bafuni kwetu ndoano ile haikosi kazi.

Maji ya moto yanasaidia kwa mafuta, lakini yawe ya moto ambayo mkono unakaribia kuyavumilia, pamoja na sabuni ya kuoshea vyombo, na uyamwage kidogokidogo. Yanayochemka ni ya mabomba ya chuma, si ya plastiki. Kuhusu siki na bikabonati, ile njia inayosifiwa kila mahali, nimeijaribu mara nyingi na sitaki kumdanganya mtu. Vinatoa mapovu mazuri, na mapovu yale ni hewa ya kaboni tu. Vikimalizana kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi ambayo hayana nguvu juu ya mafuta yaliyoganda. Yanapunguza harufu kidogo, na hayamdhuru mtu. Kwa sinki lililoziba kweli hayafiki popote.

Na kama sinki, bafu na choo vyote vinarudisha maji kwa pamoja, acha kuhangaika ndani ya nyumba, tatizo liko kwenye chemba nje. Vijana wa mtaani wanazibua kwa fito na mipira, na wanaifanya vizuri wakiwa juu. Asikubali mtu kuingia shimoni. Mle ndani mna gesi ya yai viza, ambayo ikizidi hukata uwezo wa kunusa, unadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo umeshaelemewa, na tindikali ikimwagwa kwenye maji taka huizidisha. Nyumba zetu nyingi Dar hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka, zinategemea mashimo, na mashimo yanategemea vijidudu vinavyokula uchafu. Dawa kali ikishuka huko inaviua, shimo linajaa upesi, unaita gari la kunyonya kabla ya wakati wake.

Wifi yangu alikutana na ubaya wa namna nyingine, kule Mbagala. Choo kilikuwa na madoa na maji yanashuka polepole. Akamwaga jiki, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya choo iliyokuwa na asidi. Bafu lenyewe dogo, dirisha la kiganja kimoja. Alitoka anakohoa, kifua kimebana, akakaa barazani saa nzima hajaweza kumaliza sentensi. Jiki ikikutana na asidi hutoa klorini. Ni gesi ileile iliyoachiliwa juu ya wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na anayesugua choo ameinama. Chupa zote mbili zilikuwa halali, za dukani, kila moja na maelezo yake yanayosema isichanganywe. Hakuna aliyemsomea. Alipona, lakini hadi leo harufu ya jiki inamkohoza.

Narudi kwenye kopo la siagi. Siku ya ajali, katika ile pilikapilika, niliporudi kutoka hospitali usiku nililikuta juu ya meza ya chakula. Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka minne wakati ule, alikuwa ameketi mbele yake anakula mkate mkavu. Lilikuwa limefungwa. Hakulifungua. Sijui kama ni kwa sababu mfuniko ulikuwa mgumu au kwa sababu alikuwa amefundishwa kuomba kwanza. Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nikakutana na habari za daktari mmoja wa koo wa Philadelphia, Marekani, aliyeitwa Chevalier Jackson. Kliniki yake ilikuwa inaletewa watoto waliokunywa magadi makali ya kufulia na kuzibulia, kwa sababu yalikuwa yanauzwa na kuwekwa jikoni kama kitu cha kawaida, meupe kama sukari. Anayemeza kitu kile na akabaki hai huungua koo la chakula, kisha kovu linakaza mpaka hata mate hayapiti. Alihangaika miaka mingi akidai vyombo viandikwe wazi, hadi mwaka 1927 sheria ikapitishwa, kila kopo liandikwe kuwa ni sumu na liwe na maelekezo ya nini kifanyike mtu akidhurika. Nilipoisoma habari hiyo nilihesabu. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 90, na jikoni kwangu Tabata sumu ileile imekaa ndani ya kopo lenye picha ya mkate.

Nilikwenda kwa jirani yangu. Tuliongea kwa upole, sikutaka ajione amelaumiwa, kwa sababu aliyemwaga ni mimi na aliyeficha ni mimi. Sabuni bado anatengeneza, ndiyo kazi inayomsomeshea watoto. Lakini kostiki yake sasa inakaa kwenye ndoo yenye kufuli, ameiandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote, na hamgawii mtu. Anapoichanganya anavaa glavu ndefu na miwani, na anatia chenga kwenye maji ya baridi, hamwagii maji juu ya chenga. Tulikubaliana pia kwamba ikitokea mtoto amemeza, hatatapishwa wala hatapewa ndimu, atakimbizwa hospitali na kopo lenyewe mkononi. Kutapika kunaipitisha mara ya pili palepale ilipounguza mara ya kwanza. Na ikimwagikia ngozi ikiwa kavu, ipanguswe kwanza kwa kitu kikavu, ndipo yafuate maji mengi.

Jikoni kwangu mafuta ya karai nayaacha yapoe, nayamimina kwenye kopo la bati, likijaa linakwenda na takataka. Sahani zinapanguswa kwa gazeti au kwa maganda ya ndizi kabla hazijaguswa na maji. Juu ya tundu la sinki kuna kichujio kidogo cha waya, na kila anayeosha vyombo ndiye anayekimwaga. Sufuria la ugali linalowekwa maji usiku, ukoko wake wanakula kuku wa jirani.

Hata hivyo mwaka jana, kipupwe kilipoingia, sinki la bafuni likagoma. Nilijaribu mpira, nikafungua trapu, nikaingiza waya, sikufanikiwa. Nikampigia fundi. Alikuja na kijana wake, wote wawili na miwani shingoni, kitu ambacho zamani hakuwa nacho. Alichuchumaa, akaweka ndoo, akaniangalia.

“Mama, kuna kitu…”

“Hakuna dawa, fundi. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, jana jioni, na waya niliuingiza mpaka mita mbili hivi ukakwama. Wifi alilala hapa juzi, nimempigia nimemuuliza, naye hakumwaga kitu.”

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akavaa miwani, akamwambia kijana wake avae na yeye, akaanza kulegeza nati.